Urukususu ulivyompandisha shangazi presha: njooni tuichambue mizizi ya dawa na kemia yake

Kijiti Kikavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aweke alama apite, atarudi.

Shangazi yangu yupo Tanga, ana miaka 61, na presha anaishi nayo tangu 2014. Dawa zake mbili anameza kila asubuhi bila kukosa, moja ni ile ya kukojoa. Mwezi wa pili akaanza kulalamika tumbo: kiungulia, usiku njaa ya ajabu, chini ya kifua panawaka. Jirani akamwelekeza kwa muuza dawa za asili sokoni, akarudi na mfuko wa vijiti, nje kahawia, ndani manjano. Urukususu. Watu wa pwani mnaujua. Wa bara wengine mmeuonja kwenye zile pipi nyeusi za Wazungu bila kujua kwamba asili yake ni mzizi.

Na tumbo likapoa kweli. Lisingepoa angeacha, na mimi nisingekuwa na uzi wa kuandika. Wiki ya pili akawa anachemsha chupa nzima ya chai, mchana anatafuna kijiti kama anapiga mswaki. Wiki ya sita napigiwa simu: miguu haina nguvu, ngazi mbili za baraza anapanda ameshika ukuta, moyo unarukaruka, asubuhi uso umevimba. Presha 182/104, na dawa anameza. Hospitali wakamwongezea dawa ya presha. Wiki iliyofuata wakaongeza nyingine. Daktari wa tatu, kijana mdogo tu, ndiye aliyeagiza potasiamu ipimwe. Ikaja 2.6, na ya mtu mzima wa afya huanzia 3.5. Akamuuliza, "Bibi, kuna dawa yoyote ya kienyeji unatumia?" Shangazi akajibu hatumii. Hakudanganya. Kwake ile si dawa, ni kijiti kitamu cha kutafuna.

Mimi si tabibu, kazi yangu ni maabara. Kwa miaka minane nasaga mizizi, nailoweka kwenye spiriti, naangalia kinachotoka. Nikakaa na vile vijiti vilivyobaki na mizani ya jikoni, nikapiga hesabu, nikasema hii lazima niilete hapa.

Utamu wa urukususu ni wa kitu kinaitwa glisirizini, tamu mara 30 hadi 50 kuliko sukari. Ukiimeza, bakteria wa utumbo wanaikata vipande vya sukari vilivyoning'inia, inabaki asidi ya glisiretiki, na hiyo ndiyo inayoingia kwenye damu. Sasa njoo kwenye figo. Kule kuna kiti cha homoni moja, aldosteroni. Ikikikalia, inaamuru chumvi ibaki mwilini na potasiamu itoke na mkojo. Tatizo ni kwamba homoni nyingine, kotisoli, ambayo kwenye damu ni nyingi kuliko hiyo aldosteroni, nayo inaenea kwenye kiti kilekile. Ili isikikalie, figo zina bawabu: kimeng'enya kinachoigeuza kotisoli kuwa kotisoni, na kotisoni hapo haienei. Asidi ya glisiretiki inachofanya ni kumfunga bawabu kamba. Kotisoli inaingia, inakaa, inaanza kutoa amri zisizo zake. Chumvi inabaki, maji yanaifuata chumvi, presha inapanda, potasiamu inamwagika chooni. Jumlisha na dawa ya kukojoa, ambayo nayo inatoa potasiamu, unapata mama wa watu ameshika ukuta.

Kiasi sasa. Ulaya ushauri wao ni kwamba mtumiaji wa kila siku asizidi miligramu 100 za glisirizini. Mzizi mkavu ukiwa na asilimia 5, basi gramu 2 tu zimeshafika hapo, na gramu 2 ni kakipande kafupi kuliko kidole cha mwisho. Kwa makadirio yangu shangazi alikuwa anapiga gramu 15 kwa siku.

Halafu msije mkasema tumbo lilipoa kwa imani. Mwaka 1946 daktari mmoja wa Uholanzi, Revers, aliripoti kwamba wagonjwa wake wa vidonda vya tumbo walipata nafuu kwa urukususu, na palepale akaona kwamba baadhi yao wanavimba. Baadaye watu wa viwandani wakaichukua ile asidi, wakaigeuza kidogo, ikawa dawa ya hospitali kwa jina la kabenoksoloni. Uingereza waliitumia kwa vidonda. Na yenyewe ikawa inapandisha presha vilevile. Siku hizi kuna urukususu uliotolewa glisirizini, lakini sokoni kwetu sijauona.

Humu jukwaani mzizi ukitajwa zinazuka kambi mbili. Wa kwanza wanasema ni vya asili, havina kemikali. Wa pili wanasema ni uchawi na ujinga. Wote hawajawahi kusaga mzizi. Leteni mizizi ya kwenu, jina la kienyeji na mnavyoitumia, ninachokijua nitasema.

Mzee wa Baraza

Nipo pale nimekaa na kahawa yangu. Tiririka mkuu.

Kobe Mbio

Uzi mrefu kama foleni ya Mbagala. Mwenye ufupisho atusaidie.

Mzee wa Baraza

Ufupisho: ana presha, akatafuna pipi ya mzizi, nusura aondoke. Haya rudi usome, uvivu wa nini.

Nesi wa Zamu

Kijiti umenigusa. Kliniki ya presha ukimuuliza mtu "unatumia dawa ya kienyeji?" jibu ni hapana, kumi kwa kumi. Anajua utamfokea. Mimi nilishaacha kuuliza hivyo. Nauliza: Chai unakunywa ya nini? Wiki hii jikoni mmechemsha nini? Unatafuna nini ukiwa umekaa? Hapo utashangaa. Mmoja alinitajia miti sita bila kupumua, na dakika mbili kabla alikuwa ameapa hatumii kitu.

Na wajawazito jamani. Mizizi ya "kuharakisha uchungu" ipo na mingine inafanya kazi kweli, mfuko wa uzazi unabana. Lakini sisi wodini ile dawa ya drip ya kuongeza uchungu tunahesabu tone kwa tone na saa mkononi. Wewe unayepewa kikombe na mama mkwe mlango wa nyuma, tone unahesabuje?

Mjukuu wa Fundi

Mkuu heshima yako, ila kisa chako si cha mzizi. Ni cha muuzaji wa sokoni asiyejua anachouza. Msituchanganye.

Babu yangu alikuwa mganga huko Urambo, Tabora, nimekua namfuata porini na kapu. Hakuwahi kumpa mtu mzizi akaondoka nao. Alikuwa anakata urefu wa pingili ya kidole chake cha mwisho, anachemsha mwenyewe, unakunywa mbele yake, unakaa chini ya mwembe mpaka jua ligeuke ndipo anakuruhusu. Mwenye mimba hampi. Mtoto hampi, anampa mama yake anayenyonyesha. Na kuna mti tunauita mteyu. Ule hakumpa mtu kunywa hata siku moja. Unanusa unga wake ukiwa na mafua, au unafungiwa kwenye kitambaa kichwa kikiuma, basi. Nilipomuuliza sababu aliniambia, "Huo unaua bila kelele."

Akichimba, anachukua mzizi mmoja wa pembeni, wa katikati haugusi, anafukia na kukanyaga udongo. Leo wanakuja vijana na sululu, mti wanang'oa wote, gunia juu ya Fuso, safari ya Dar. Akifika huko anayeuza hajui hata jani la huo mti linafananaje. Halafu mtu akidhurika, lawama ni "waganga wa jadi".

Kijiti Kikavu

Mjukuu, nakubali karibu yote. Babu yako alikuwa na kipimo, alikuwa na mgonjwa mbele ya macho, na alijua nani asipewe. Hospitali nayo ndiyo kazi yake hiyo.

Huo mteyu umenikumbusha mbali. Kwa vitabu ni *Securidaca longepedunculata*. Mara ya kwanza nilipoukata mzizi mbichi maabara, jamaa wa chumba cha pili aliuliza nani kaumia mguu. Unanuka dawa ya kuchua, ile ya wacheza mpira. Na si mfanano tu, ni kitu chenyewe: methili salisileti, ndugu wa aspirini. Ndiyo maana kichwa kilichofungwa unga wake kinapoa. Kule Ghana wanauweka kwenye nafaka ya ghalani, wadudu wanakimbia.

Lakini ona sasa. Kijiko kimoja cha chai cha methili salisileti safi kina mzigo wa vidonge zaidi ya 20 vya aspirini. Kwa mtoto mdogo ni msiba. Mzizi wenyewe hauna ukali wa mafuta safi, ila ndani yake kuna na saponini, vitu vinavyotoa povu kama sabuni, na vingine vya sumu, na ndani ya kikombe huwezi kujua umetoa kiasi gani. Babu yako hakuwa na majina haya, jibu alikuwa nalo.

Kwa upande wa waganga wazoefu kukosea, nikupe mfano wa kusini. Wazulu wana mzizi unaitwa impila, *Callilepis laureola*. Neno lenyewe maana yake ni uzima, afya. Umetumika vizazi na vizazi, kwa tumbo, kwa minyoo, kwa kujikinga. Ndani yake kuna atraktilosidi. Unajua chembe hai ina majiko yake madogo ya kupikia nishati, mitokondria? Nishati ikishaiva inatoka kwa mlango maalumu. Atraktilosidi inaupiga kufuli mlango ule. Chakula kipo jikoni, nyumba inakufa njaa. Ini na figo zinakwenda kwa pamoja, na waliokufa wengi ni watoto. Kwa hiyo "wazee wametumia miaka mingi" ni ushahidi wa kitu kinachoonekana haraka, kama kuharisha au ganzi. Kitu kinachoua ini siku ya nne, nyumbani, mbali na mganga, wazee wanaweza wasikiunganishe na kikombe cha Jumatatu.

Mjukuu wa Fundi

Hapo kwenye siku ya nne umenishika. Ngoja nitafakari.

Binti Mkulima

Swali la mwanafunzi mvivu: kwa nini mizizi? Majani si yapo karibu, na mti haufi?

Kijiti Kikavu

Swali zuri sana hilo. Mti haukimbii, na mzizi ndio haukimbii kabisa: umezikwa kwenye udongo wenye kuvu, bakteria, minyoo midogo na mchwa, mwaka mzima. Silaha yake ni kemikali. Alkaloidi chungu, saponini zinazotoboa ngozi ya kuvu, tanini zinazokaza protini za mdudu mpaka hazimeng'enyeki. Halafu kiangazi majani yanapukutika, mali inahifadhiwa chini. Kwa hiyo mara nyingi mkusanyiko ni mkubwa kwenye gamba la mzizi kuliko kwenye jani. Na ndiyo maana mzizi uleule unakuwa mkali mwezi wa tisa na mpole mwezi wa nne, au wa mti mzee unapiga kuliko wa mche. Udongo nao una lake. Ukichemsha "vijiti vitatu" leo na vitatu mwaka kesho, hujachemsha dawa moja.

Mfano wa karibu ni huu. Mlonge mnaopenda, jani ni mboga safi, lakini gamba la mzizi wake si mboga wala si kiungo, liacheni. Na tangawizi na manjano kwa mwanabotania si mizizi, ni shina linalotambaa chini ya udongo. Msinishambulie, ndivyo ilivyo.

Mfano ninaoupenda ni mjafari, *Zanthoxylum chalybeum*, ule wenye miiba ya kivimbe kwenye shina. Tafuna gamba la mzizi kidogo: kwanza uchungu, halafu ulimi unaanza kucheza, halafu ganzi, kama umetoka kwa daktari wa meno. Ndani kuna alkaloidi za manjano, nitidini na kelerithrini. Nitidini ikiwekwa na vimelea vya malaria kwenye kisahani cha maabara inawaua vizuri tu. Kuna mizizi mingi ya hivyo. Profesa Mayunga Nkunya na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990 walichapisha matokeo ya mimea ya jamii ya *Uvaria* ya Tanzania dhidi ya kimelea cha malaria, na mizizi ilikuwemo. Kazi nzuri, ya hapa kwetu.

Ila kisahani si mwili. Hata jiki inaua vimelea kwenye kisahani. Kazi ngumu ni kuua kimelea bila kumuua mwenye kimelea, na kitu chenyewe kipenye utumbo, kipite ini bila kuvunjwa, kifike kwenye damu kikiwa bado na nguvu. Nitidini hiyohiyo inashambulia na chembe za binadamu.

Dereva wa Noah

Mmezunguka sana. Nguvu za kiume je?

Mzee wa Baraza

Nilikuwa nahesabu dakika, huyu atatokea lini.

Mwana wa Shinyalu

Hapo mniachie mimi. Niko Kakamega, kwetu ni nyumbani kwa mukombero. Vijana wanauza vifungu pale stejini, shilingi ishirini, hamsini, unatafuna ukisafiri. Harufu yake tamu, kama keki, halafu baadaye mdomo unabaki na ladha yake saa nzima. Wazee wanasema ni wa hamu ya chakula na wa kutoa gesi tumboni. Hiyo ingine pia wanasema, lakini wakicheka. Shida ni kwamba msituni umechimbwa mpaka unatafutwa. Watu wetu sasa wanaupanda shambani, na ule wa shamba mimi naona ni sawa tu, ingawa mzee wangu anaapa hauna nguvu.

Kijiti Kikavu

Karibu sana jirani. Mukombero ni *Mondia whitei*, Uganda wanauita mulondo. Ile harufu ya keki si bahati mbaya: kitu chake kikuu cha kunukia ni pacha wa vanilini. Atomi ni zilezile kwa idadi ileile, zimekaa viti tofauti.

Kuhusu ile ingine, yapo majaribio ya panya, na ya mbegu za kiume kwenye chombo cha maabara zikawa zinaogelea kwa kasi zaidi. Kwa wanaume wenyewe, ushahidi wa kutosha kuandika kwenye chupa bado. Ladha yake na tumbo, mzee wako yuko salama.

Dereva, wewe nina neno na wewe. Vile vipakiti vya mitishamba vya mtaani vinavyofanya kazi ndani ya dakika arobaini, kwa uhakika, kila mara: mzizi hauna tabia hiyo. Nchi nyingi mamlaka za dawa zimekamata bidhaa za "mitishamba mitupu" zikiwa zimechanganywa na sildenafili, dawa ileile ya famasi. Marekani orodha yao ya maonyo haiishi. Mtu mwenye dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi akimeza hiyo bila kujua, presha inashuka mpaka inakata. Ukiona mzizi unafanya kazi kama kidonge, jiulize kama si kidonge kilichosagwa.

Dereva wa Noah

Nimesoma kimyakimya.

Abiria wa 2011

Mimi nilikunywa kikombe cha Samunge, kile cha Babu wa Loliondo. Machi 2011, tulitoka Moshi watu kumi na wawili, tukapita Mto wa Mbu, vumbi la Engaresero, tukalala kwenye gari siku tatu kwenye foleni isiyoonekana mwisho. Nilimpeleka mama, kisukari. Babu mwenyewe, Mchungaji Mwasapile, alikuwa mpole sana, kikombe shilingi 500, hakuongeza hata watu walipofurika. Mama alirudi amefurahi, mwezi mzima akawa hachomi sindano. Sitasema kilichofuata. Ninachotaka kujua mpaka leo: mle kwenye kikombe mlikuwa na nini?

Kijiti Kikavu

Pole sana mkuu.

Mti ni mugariga, *Carissa spinarum*, vitabu vya zamani vinaandika *Carissa edulis*. Ni kichaka chenye miiba na vitunda vyeusi vitamu ambavyo watoto wa wafugaji wanavila machungani. Wamasai wanauita olamuriaki, na mizizi yake walikuwa wanachemsha kwenye supu muda mrefu kabla ya 2011. Una harufu yake ya kipekee ukiukata. Ndani kuna lignani za mimea, terpenoidi moja inaitwa karisoni, na kuna glikosidi za moyo, zile za ukoo wa dijitalisi, dawa inayotumika hospitali kwa moyo uliochoka. Kwa kikombe kimoja chepesi cha mara moja, kiasi ni kidogo, na hilo linaeleza kwa nini maelfu walikunywa wakarudi bila kudhurika na kikombe chenyewe.

Kwenye kisukari, panya wamepewa dondoo ya mzizi huo na sukari ikashuka kiasi. Lakini panya walipewa kila siku, kwa uzito wao. Mara moja haiwezi kusimama mahali pa insulini. Sina ubaya na yule mzee, alifariki Julai 2021 na watu wengi bado wanamkumbuka kwa wema. Madhara mengi ya mwaka ule yalitokana na dawa ambazo watu waliziacha nyumbani.

Abiria wa 2011

Asante kwa kunijibu bila kunicheka.

Mfamasia wa Kata

Niongeze mbili, halafu nirudi dukani.

Moja. Presha na mizizi si maadui siku zote. India kuna mzizi unaitwa sarpagandha, *Rauvolfia serpentina*, umepinda kama nyoka. Walikuwa wanaupa wagonjwa wa akili na wasiolala. Mwaka 1949 daktari wa Bombay, Rustom Jal Vakil, akaandika kwenye jarida la moyo la Uingereza jinsi unavyoshusha presha. Mwaka 1952 wakemia wa kampuni ya dawa ya Ciba kule Basel wakatoa kitu chenyewe, resapini. Kipimo chake ni robo ya miligramu kwa siku. ROBO. Kwa jicho huioni vizuri kwenye kiganja. Ukizidisha, mtu anazama kwenye huzuni nzito, wengine walifikia kutaka kujiua. Mahitaji yalipokuwa makubwa, mizizi ya ndugu yake, *Rauvolfia vomitoria*, ilichimbwa Kongo na kupelekwa viwandani Ulaya. Na Wachaga msijifanye hamumo: msesewe wa kwenye mbege ni ukoo huohuo, *Rauvolfia caffra*, ila nyie mnatumia gamba.

Mbili. Brussels, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kliniki ya kupunguza unene, wanawake wanapewa vidonge vyenye mizizi ya Kichina. Mmoja baada ya mwingine figo zinakauka. Waliobainika walipita 100, baadaye wengine wakapata na saratani ya njia ya mkojo. Kosa lilikuwa jina. Mzizi ulioagizwa unaitwa *hanfangji*, uliokuja ni *guangfangji*, ambao ni *Aristolochia*, una asidi ya aristolokiki. Ulaya, na maabara zao zote, mzizi mkavu uliwapita. Sasa fikiria gunia la Fuso la Mjukuu.

Mjukuu wa Fundi

Gunia si langu jamani! Lakini nakubali. Babu alikuwa hachukui mzizi kwa mtu. Ukimletea mzizi bila jani anakurudisha nao.

Nesi wa Zamu

Mfamasia, hiyo ya *fangji* naichapa naibandika ukutani.

Binti Mkulima

Kijiti, sisi tusio na maabara tunaweza kupima chochote nyumbani?

Kijiti Kikavu

Kidogo, kwa kujifunza, si kwa kujitibu. Chukua maji yaliyochemshwa mzizi, acha yapoe, tia kwenye chupa ndogo, tikisa kwa nguvu nusu dakika, weka mezani. Povu likikaa kama la sabuni robo saa nzima, kuna saponini. Chai nyingine tia msumari wenye kutu, acha usiku kucha. Ikigeuka bluu nyeusi kama wino, kuna tanini, na ndizo zinazokausha mdomo. Alkaloidi na glikosidi za moyo, ambazo ndizo zenye makali, nyumbani huzioni. Uchungu si kipimo, kuna sumu zisizo na ladha.

Na njia ya kuchemsha ni kemia pia. Maji yanatoa baadhi ya vitu, pombe inatoa vingine. Mzizi ambao bibi alikuwa anachemsha, wewe ukiuloweka kwenye konyagi wiki mbili, umetengeneza dawa nyingine ambayo hakuna bibi aliyewahi kuijaribu.

Mwenye nia ya kuuza, Tanzania kuna sheria ya tiba asili ya 2002 na Baraza lake, sajili. Muhimbili wana taasisi ya dawa asili iliyoanza 1974 kama kitengo cha utafiti, watu wao wanaongea na waganga, si wa kuogopa.

Kobe Mbio

Nimesoma yote, nataka cheti. Sasa nina unga hapa, nyekundu-kahawia, nimeuziwa kwa ajili ya mgongo. Jamaa anasema ni mchanganyiko wa mizizi saba. Niweke picha?

Kijiti Kikavu

Picha ya unga ni picha ya unga. Mizizi saba ikishasagwa hata mimi siwezi kukutajia mmoja. Mwambie akuoneshe majani saba.

Kobe Mbio

Anasema miti ipo mbali.

Mzee wa Baraza

Hahahaa. Basi na unga ukae mbali.

Kijiti Kikavu (mrejesho, wiki tatu baadaye)

Wakuu, mliouliza hali ya shangazi. Aliacha urukususu siku ileile, akapewa potasiamu. Wiki ya kwanza presha ilikataa, athari ya ule mzizi haiondoki kesho yake. Wiki ya tatu potasiamu 4.1, presha 138/84, zile dawa mbili walizomwongezea zimeondolewa. Tumbo amepimwa, alikuwa na wale bakteria wa vidonda, anamalizia dozi.

Juzi nimemuuliza vile vijiti vilivyobaki kavitupa wapi. Anasema kutupa ni dhambi, kampa jirani, maana naye tumbo linamsumbua. Jirani ana presha kumzidi yeye. Tangu jana nampigia, simu inaita tu.